Usipoziba ufa: mianya katika kiini cha kompyuta na namna inavyozibwa

Tarehe 10 mwezi Agosti mwaka 2016, mtetezi wa haki za binadamu katika Umoja wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe mfupi katika simu yake ya mkononi. Ujumbe huo, uliofuatwa na mwingine siku ya pili yake, ulimwahidi siri mpya kuhusu watu wanaoteswa katika magereza ya nchi hiyo, na mwishoni mwake paliwekwa kiungo cha kubonyeza. Bwana Mansoor hakukibonyeza. Alikuwa amekwisha kuwindwa kwa programu za ujasusi mara mbili, mwaka 2011 na mwaka 2012, na alijua kwamba chambo huwa ni kile samaki akipendacho. Ujumbe huo aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, kituo kilicho katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada.

Watafiti hao, wakishirikiana na kampuni ya usalama wa simu ya Lookout, walikifungua kiungo hicho katika simu yao ya majaribio. Waliyoyaona yaliwashtua hata wao. Kiungo kile kilitumia mianya mitatu katika mfumo wa uendeshaji wa iPhone, mianya ambayo mtengenezaji wake, kampuni ya Apple, hakuwa na habari nayo. Miwili kati ya mitatu hiyo ilikuwa katika kiini cha mfumo. Laiti Bwana Mansoor angebonyeza, simu yake ingegeuka kuwa mpelelezi aliyemo mfukoni mwake: ingesikiliza mazungumzo kwa kinasa sauti chake, ingetazama kwa kamera yake, na ingesoma barua na ujumbe wake wote. Apple, baada ya kuarifiwa, ilitoa kiraka tarehe 25 Agosti, siku 15 tangu ujumbe wa kwanza kuingia.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao linamhusu kila mwenye simu. Makala haya yanaeleza kiini ni kitu gani, nyufa zake hutokana na nini, viraka hutengenezwaje, na kwa nini mara nyingi kiraka hufika baada ya mwizi.

Kiini ni nini?

Kila kompyuta, iwe ya mezani, ya benki au iliyomo ndani ya simu ya mkononi, huendeshwa na programu kuu inayoitwa mfumo wa uendeshaji. Windows, Linux, Android na iOS ni mifano inayofahamika zaidi. Ndani ya mfumo huo imo sehemu moja iliyo chini ya nyingine zote, nayo ndiyo kiini, au kerneli kama wanavyoiita baadhi ya mafundi.

Mfano wake ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Kila programu ni mpangaji mwenye chumba chake: ya barua, ya picha, ya kutuma fedha, ya kusomea habari. Mpangaji mmoja hana ruhusa ya kuingia katika chumba cha mwenzake. Akihitaji maji, umeme au kupita ukumbini, hana budi kumwomba msimamizi wa nyumba, na msimamizi huyo ndiye mwenye funguo zote. Kiini ndicho msimamizi. Ndicho kinachogawa kumbukumbu ya kompyuta, kinachoamua ni programu ipi itangulie kutumia prosesa, kinachosoma na kuandika mafaili, na kinachopokea data kutoka mtandaoni.

Kwa sababu hiyo, si kila kasoro ina uzito sawa. Kasoro katika programu ya kawaida inaweza kumpa mdukuzi chumba kimoja. Kasoro katika kiini humpa rundo zima la funguo. Aliyekitia kiini mkononi anaweza kusoma ujumbe hata kama ulisafiri kwa siri, kwani huusoma mahali ambapo mwenyewe anausomea. Na anaweza kuiamuru programu ya ulinzi ifumbe macho.

Katika kisa cha mwaka 2016, mianya mitatu ilifanya kazi kwa mfuatano. Wa kwanza, uliokuwa katika programu ya kufungulia kurasa za intaneti, uliwaingiza washambuliaji uani. Wa pili ulifichua mahali kiini kilipo ndani ya kumbukumbu ya simu, kwani mifumo ya kisasa hukihamisha kiini kila simu inapowashwa ili adui asijue pa kukitafuta. Wa tatu uliharibu sehemu ya kumbukumbu hiyo na kuwapa washambuliaji madaraka yote.

Ufa huzaliwaje?

Nyufa nyingi za kiini hazitokani na hujuma. Hutokana na wingi wa kazi na uchache wa macho. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ilianza na mistari ya programu ipatayo 10,000. Hivi leo ina zaidi ya milioni 30, iliyoandikwa na maelfu ya watu katika nchi nyingi. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma yote akaimaliza.

Sababu ya pili ni lugha iliyotumika. Viini vya mifumo mikubwa viliandikwa zaidi katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha yenye kasi, lakini humwachia mwandishi wa programu mzigo wote wa kuichunga kumbukumbu. Akisahau kupima ukubwa wa data inayoingia, data hiyo hufurika na kuandikwa juu ya eneo la jirani. Akikirudisha kipande cha kumbukumbu kisha akaendelea kukitumia kana kwamba bado ni chake, mtu mwingine anaweza kuwa amekwisha kukijaza sumu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya iliyokuwa ikiiziba kila mwaka ilitokana na makosa ya aina hiyo.

Sababu ya tatu ni wakati. Kiini hufanya kazi nyingi kwa pamoja, na kazi mbili zikigusa kitu kimoja kwa mpangilio ambao mwandishi hakuutarajia, hutokea pengo la sekunde isiyohesabika. Mdukuzi mvumilivu huweza kujaribu mara maelfu kwa maelfu hadi alipate pengo hilo.

Miaka tisa gizani

Kisa mashuhuri cha pengo la namna hiyo ni kile cha Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu, kilichotangazwa mwezi Oktoba mwaka 2016. Jina hilo ni mchezo wa herufi za Kiingereza unaotokana na utaratibu uitwao nakili unapoandika.

Utaratibu wenyewe unafanana na ule wa masjala ya ofisi. Jalada moja husomwa na watu wengi. Asiye na ruhusa ya kulibadilisha, akitaka kuandika jambo, karani humpa nakala. Jalada halisi haliguswi. Katika Linux iligunduliwa kwamba mtu anaweza kutuma mikono miwili kwa wakati mmoja: mkono mmoja ukiandika katika nakala, na mwingine ukimwambia karani aitupe nakala hiyo. Mikono hiyo ikishindana mara nyingi kwa kasi, ilifika wakati karani alichanganyikiwa, na wino ukaangukia jalada halisi. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida, asiye na madaraka yoyote, aliweza kubadilisha mafaili ya mfumo na kujifanya mkuu wa kompyuta.

Mwanya huo ulikuwamo katika Linux tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Ulikaa miaka tisa. Aliyeugundua, Phil Oester, hakuukuta kwa kusoma mistari ya programu, bali kwa sababu seva aliyokuwa akiisimamia ilishambuliwa. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi kumbukumbu za data zinazoingia, na humo ndimo alimoipata zana ya mshambuliaji. Kwa maneno mengine, mwizi alikuwa amekwisha kuujua mlango huo kabla ya mwenye nyumba.

Jambo la kusikitisha zaidi liliandikwa na Bwana Torvalds mwenyewe alipotoa kiraka. Alikiri kwamba kasoro hiyo ya kale aliwahi kujaribu kuirekebisha miaka 11 nyuma, na kwamba hakuirekebisha vizuri. Marekebisho yale yaliondolewa baadaye kwa kuwa yalileta matatizo katika aina moja ya kompyuta kubwa za kampuni ya IBM. Ufa ulikuwa umeonekana, ukapakwa chokaa, chokaa ikabanduliwa, na nyumba ikaendelea kukaliwa.

Safari ya kiraka

Kiraka ni kipande cha programu kinachochukua nafasi ya sehemu yenye kasoro. Mara nyingi huwa ni kifupi. Mistari michache tu hutosha. Kilicho kirefu ni safari yake.

Kwanza mgunduzi humwarifu mtengenezaji kwa siri. Kati yao hukubaliana muda wa kunyamaza, ili kiraka kiwe tayari kabla ya habari kuenea. Kikosi cha Project Zero cha kampuni ya Google, kilichoundwa mwaka 2014, kilijulikana kwa kumpa mtengenezaji siku 90. Zikipita, habari hutangazwa hata kama kiraka hakijatoka. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa mkali, lakini watetezi wake hujibu kwamba bila tarehe ya mwisho makampuni huahirisha.

Pili, mwanya hupewa namba ya utambulisho katika orodha ya kimataifa iitwayo CVE, iliyoanza mwaka 1999, ili watu wa nchi zote wajue kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Dirty COW, kwa mfano, ni CVE-2016-5195. Tangu mwezi Februari mwaka 2024 wasimamizi wa kiini cha Linux wanatoa namba hizo wao wenyewe, na idadi yake kwa mwaka imefikia maelfu. Hiyo haina maana kwamba Linux imeoza ghafla. Maana yake ni kwamba kasoro zilizokuwa zikirekebishwa kimyakimya sasa zinaandikwa daftarini.

Tatu, kiraka hutolewa. Microsoft imekuwa ikitoa vyake kwa mkupuo kila Jumanne ya pili ya mwezi tangu mwaka 2003. Hapo huanza mbio nyingine. Kiraka chenyewe humwonyesha mdukuzi pale palipokuwa na ufa: hulinganisha toleo la zamani na jipya, akaona kilichobadilika, kisha akawatafuta wale ambao hawajakiweka. Siku kiraka kinapotangazwa ndiyo siku ya hatari kubwa kwa mzembe.

Kiraka kilichoachwa mlangoni

Gharama ya uzembe huo ilidhihirika mwaka 2017. Tarehe 14 mwezi Machi, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili, sehemu inayofanya kazi ndani ya kiini. Mwezi mmoja baadaye, kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana iliyoutumia mwanya huo, EternalBlue, ambayo inaaminika ilitengenezwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Na tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Kilifunga mafaili na kudai kikombozi cha dola 300.

Katika siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeathirika. Nchini Uingereza, ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ilibaini kwamba kati ya taasisi 236 za huduma ya afya za England, 81 ziliathirika. Miadi 6,912 ya wagonjwa ilithibitika kuvunjwa, na makadirio yalifika zaidi ya 19,000. Baadhi ya hospitali zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingineko. Kirusi kilipunguzwa kasi na kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba kilikuwa kikiitafuta anwani fulani ya intaneti isiyokuwapo. Alipoisajili, kirusi kikaacha kuenea.

Mwezi Desemba mwaka huo, Marekani na Uingereza ziliilaumu Korea Kaskazini. Lakini ripoti ya wakaguzi ilisema jambo jingine lililo karibu zaidi na nyumbani: hospitali zilikuwa zimeonywa mwezi Machi na mwezi Aprili ziweke kiraka. Kiraka kilikuwa mlangoni kwa siku 59. Hakikuingizwa ndani.

Tiba nayo ina madhara yake

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuwalaumu mafundi wa hospitali peke yao. Kugusa kiini ni kama upasuaji wa moyo. Kompyuta hulazimika kuzimwa na kuwashwa upya, na mashine inayomhudumia mgonjwa au inayolipa mishahara haizimwi ovyo.

Zaidi ya hayo, kiraka chaweza kuwa na ufa wake. Mwezi Novemba mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Dirty COW kuzibwa, ilibainika kwamba marekebisho yale yaliacha pengo jingine, na kiraka kikahitaji kiraka. Mwezi Januari mwaka 2018 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Meltdown, ambayo haikuwa katika programu bali katika prosesa zenyewe, hasa zilizotengenezwa na kampuni ya Intel. Kwa kuwa prosesa haishonwi kiraka kwa urahisi, viini vya Windows, Linux na vya Apple vilibadilishwa ili kuifidia, na baadhi ya kazi zikawa za polepole zaidi.

Mfano mchungu kuliko yote ni ule wa tarehe 19 Julai mwaka 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kasoro kwa programu yake, ambayo sehemu yake hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka. Ndege hazikuruka, benki zilisimama, hospitali zilirudi kwenye kalamu na karatasi. Hapakuwa na mdukuzi hata mmoja. Ni mlinzi aliyejikwaa akiwa ndani ya chumba cha funguo. Ndiyo maana mashirika makubwa hujaribu kila kiraka katika kompyuta chache kwanza, kisha kukisambaza kwa awamu. Muda huo wa kujaribu ni wa busara, na ndio huo huo mdukuzi anaouwinda.

Soko la nyufa

Si kila anayegundua ufa humwarifu mtengenezaji. Wapo wanaouza. Mwanya ambao mtengenezaji haujui huitwa wa siku sifuri, kwa maana kwamba hakupewa hata siku moja ya kujiandaa, na mwanya wa namna hiyo katika kiini cha simu ni bidhaa ya thamani kubwa.

Programu iliyokusudiwa simu ya Bwana Mansoor iliitwa Pegasus, mali ya kampuni ya NSO Group ya Israel. Kampuni hiyo imekuwa ikisema kwamba huwauzia serikali tu, na kwa ajili ya kupambana na ugaidi na uhalifu mkubwa. Mwezi Septemba mwaka 2018, Citizen Lab ilichapisha orodha ya nchi 45 ambamo iliona dalili za simu kuingiliwa na Pegasus. Kenya, Uganda, Rwanda na Oman zilikuwamo. Watafiti walitahadharisha kwamba dalili hizo hazithibitishi ni serikali ipi iliyohusika, kwani simu yaweza kuwa nchi moja na msikilizaji nchi nyingine. Mwezi Novemba mwaka 2021 Marekani iliiweka NSO Group katika orodha ya makampuni yaliyowekewa vikwazo vya biashara, na mwezi uliofuata ikaripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wasiopungua tisa wa wizara yake ya mambo ya nje, waliokuwa Uganda au wakishughulikia masuala ya nchi hiyo, zilikuwa zimedukuliwa kwa zana hiyo hiyo.

Hapa ndipo suala la kiini linapoacha kuwa la ufundi. Mwandishi wa habari au mwanasiasa anayeishi uhamishoni anaweza kuwa salama kwa mwili wake, London au Toronto. Lakini simu yake haibebi siri zake peke yake. Imebeba majina ya waliobaki nyumbani: karani aliyempa nakala ya waraka, jirani anayempelekea mama yake dawa, kijana aliyerekodi picha ya tukio asilopaswa kuliona. Ufa ukiwa katika simu ya Ulaya, ukuta unaweza kumwangukia mtu wa Kigali, Kampala, Bujumbura au Dar es Salaam ambaye hata jina la kiini hajapata kulisikia.

Ahmed Mansoor aliiokoa simu yake siku ile, lakini hakuokoka mwenyewe. Alikamatwa mwezi Machi mwaka 2017, na mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa mashtaka yaliyohusu maandishi yake katika mitandao ya kijamii. Kiraka kilichotokana na tahadhari yake kiliwafikia wenye iPhone wa dunia nzima.

Simu zisizopata tena viraka

Katika Afrika Mashariki simu nyingi za kisasa hutumia Android, ambayo kiini chake ni Linux. Kwa hiyo kasoro ya Linux iliyorekebishwa na mafundi wa Ulaya au Marekani ni kasoro ya simu iliyomo sokoni Kariakoo na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Ila kiraka hakiendi moja kwa moja. Hutoka kwa wasimamizi wa Linux kwenda Google, kisha kwa watengenezaji wa prosesa, kisha kwa kampuni iliyounda simu, ndipo kimfikie mwenye simu. Kila kituo huongeza majuma au miezi, na kampuni ya mwisho ikiamua kwamba toleo hilo ni la zamani, safari hukomea hapo.

Google ilianza kutoa taarifa za usalama za Android kila mwezi mwaka 2015, na tiba ya Dirty COW ilimo katika taarifa za mwishoni mwa mwaka 2016. Hata hivyo, mwezi Septemba mwaka 2017 kampuni ya Trend Micro ilitangaza kugundua programu hasidi iliyokuwa bado ikiutumia mwanya huo katika simu za Android, katika nchi zaidi ya 40. Wengi wa walioathirika walikuwa China na India, lakini somo halina mipaka: ufa uliozibwa kiwandani unaweza kubaki wazi mkononi.

Simu ya bei nafuu, au iliyotumika Ulaya kisha ikaletwa kuuzwa upya, aghalabu huwa imekaribia au imekwisha kupita muda wa kupata viraka. Ndivyo ilivyo pia kwa kompyuta kuukuu zinazotolewa kwa shule na ofisi: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba mwaka 2025. Aidha, mwenye kununua intaneti kwa vifurushi vidogo vidogo huona kiraka kuwa mla bando, akakiahirisha hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukifika una mahitaji yake. Na katika simu hiyo hiyo ndimo zinamopita ada za shule, fedha za matibabu na masurufu kutoka kwa ndugu walio ughaibuni.

Yapo mabadiliko ya kutia moyo. Google kwa simu zake za mwaka 2023, na Samsung kwa baadhi ya simu zake za mwaka 2024, ziliahidi viraka kwa miaka saba. Linux tangu toleo la 6.1 la mwaka 2022 imeanza kukubali sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huzuia makosa mengi ya kumbukumbu kabla programu haijatoka kwa fundi. Google ilieleza mwaka 2024 kwamba makosa ya kumbukumbu, yaliyokuwa asilimia 76 ya mianya ya Android mwaka 2019, yalikuwa yameshuka hadi asilimia 24 baada ya kazi mpya kuandikwa kwa lugha za aina hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mtumiaji wa kawaida, wataalamu hukubaliana juu ya mambo machache yasiyohitaji elimu ya kompyuta. La kwanza ni kuruhusu simu na kompyuta zijiwekee viraka zenyewe, na kuzizima na kuziwasha upya zinapoomba, kwani mara nyingi kiraka cha kiini hakianzi kazi hadi hapo. La pili ni kutazama, katika mipangilio ya simu ya Android, tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Ikiwa ni ya miaka miwili au mitatu nyuma, simu hiyo haifai tena kwa benki wala kwa siri.

La tatu ni kuuliza swali hilo kabla ya kununua: simu hii itapata viraka hadi lini? Muuzaji wa dukani huenda asijue, lakini swali likiulizwa na wengi litafika kwa mtengenezaji. La nne ni kujihadhari na kiungo kinachotoka kwa mtu asiyejulikana, hasa kinapoahidi kile hasa ambacho mpokeaji anakitamani. Na kwa wale ambao kazi yao inawaweka katika hatari, waandishi wa habari, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, simu za iPhone tangu mwaka 2022 zina hali maalumu ya ulinzi mkali, ambayo hupunguza starehe za simu ili kupunguza milango.

Hakuna kati ya hayo linaloleta usalama kamili. Kiini kisicho na kasoro hakijapata kuandikwa. Lakini mashambulizi mengi hayategemei siri za gharama kubwa. Hutegemea nyufa zilizokwisha kujulikana na viraka vilivyokwisha kutolewa, ambavyo mtu fulani mahali fulani aliviahirisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika zama za simu, ukuta unaoanguka aghalabu si wa yule aliyeuacha ufa.